Kioo Kilichobandikwa Kwenye Ufa

Jua likiwa kali, begi langu hunuka nta. Wenzangu ninaolala nao chumba kimoja wameshazoea. Mmoja wao hunitania kwamba nimefuga nyuki humo ndani. Begi hilo nimezunguka nalo Nachingwea, Masasi, Tunduru, nikarudi nalo Ruangwa, na kila ninapohama huwa naacha kitu nyuma: sufuria, viatu, mara moja hata mume. Kitu ambacho sijawahi kukiacha ni picha ya Babu, iliyo kwenye fremu ya mbao isiyo na kioo.

"Dada, mtilie mzee kioo," watu huniambia. "Vumbi litammaliza."

Huwa najibu kwamba kioo anacho, kiko mgongoni. Wanacheka. Lakini ni kweli. Kati ya picha na ubao wa nyuma kuna kipande kirefu cha kioo, upana wake vidole viwili, na kwenye kila ncha kuna donge la nta lililochanganywa na majivu. Nimekaa nacho tangu nikiwa darasa la tatu. Miaka yote hiyo nilidhani najua kinasema nini juu yangu. Wiki hii sijui tena, na ndiyo maana nimeomba daftari la mahudhurio ya vibarua, kurasa za mwisho zisizotumika, nikaanza kuandika.

Nyumba ya Bibi ilikuwa Nkowe. Kuta zake zilikuwa za tofali mbichi, zile za udongo zinazokaushwa juani tu. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa jiko wakati wa mvua, na juu yake kulikuwa na dari la miti ambako mahindi yalilala yakipigwa moshi ili yasitobolewe na wadudu. Sisi wa umri huu tuliokulia nyumba za aina hiyo tunaikumbuka ile harufu: masizi, maganda ya mahindi, na ule ukavu unaokuna koo. Boriti kubwa ya dari ilianzia ukuta wa barabarani ikaishia ukuta wa bandani. Hapo ilipoishia, chini yake, ndipo palipokuwa na ufa.

Ufa ulianza mwaka ule mvua zilipochelewa kuisha. Mwanzoni ulikuwa mwembamba kama unywele. Mimi niliupenda. Niliona ni mto, na tofali zilizokatika pembeni yake ni vijiji vyake. Halafu nikaweza kuingiza ukucha wa kidole cha mwisho, na siku Mjomba alipokuja kututembelea akaweza kuingiza kisu.

Mjomba alikuwa mwalimu Nachingwea mjini, mtoto pekee wa kiume wa Bibi. Mama yangu yeye alikuwa ameolewa tena Kilimarondo. Kila mara mtu akija huku alitutumia asali pamoja na masega yake. Nyumbani tulikuwa wawili tu, Bibi na mimi.

"Mama, hii nyumba itakuua," Mjomba alisema, kisu kikiwa bado ndani ya ukuta.

"Nimezalia watoto humu," Bibi alijibu. "Kama inaua, ingeanza na wewe ulivyokuwa unalia."

"Kule kwangu kuna chumba. Cha saruji."

"Saruji inaota nini?"

Mjomba alichomoa kisu ukutani. Alitoka, akaenda kumleta Fundi Salumu.

Fundi Salumu alikuwa Mmakua, na Bibi ni Mmwera, makabila yanayotaniana, kwa hiyo hata kabla ya kusalimiana vizuri walikuwa wameshaanza utani wao. Bibi alimuuliza kama amekuja kujenga au kumaliza mboga. Fundi akasema amesikia kuna mjane ana nyumba yenye mlango wa pili, amekuja kuona kama unapitika. Kisha akapiga ukuta kwa kifundo cha kidole, akipanda juu taratibu, akisikiliza. Macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu, na nadhani ndiyo sababu alitumia sana masikio.

"Tatizo la kwanza liko hapa," alisema, akionyesha ncha ya boriti. "Dari lote, mahindi yote, nusu yake imekaa juu ya tofali moja." Akanigeukia mimi. "We binti, unachota maji?"

"Ndiyo."

"Ukibeba ndoo bila ngata, kichwa kinauma wapi?"

Nikagusa utosi.

"Na ukiweka ngata?"

"Hakiumi sana."

"Maji yamepungua?"

"Hayajapungua."

"Basi," alisema, kana kwamba ameeleza kila kitu.

Mimi sikuelewa. Siku ile ile nilikwenda kisimani nikajaribu. Nilibeba ndoo bila ngata, nikasimama hadi machozi yakanitoka. Nikakunja khanga, nikaiweka kichwani, nikabeba ndoo ile ile. Maji yalikuwa yale yale, shingo ilisikia uzito ule ule, lakini yale maumivu ya utosini hayakuwepo. Yalikwenda wapi? Nilifungua ile ngata nikaitazama ndani, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Niliuliza shuleni, mwalimu akasema hilo halipo kwenye mada. Nadhani safari yangu ya kuacha shule ilianzia hapo, ingawa ilichukua miaka mingine minne.

Fundi alisema ataweka kibao cha mninga chini ya ncha ya boriti, kiwe ngata yake. Lakini hatakiweka leo. "Ufa uliosimama ni kitu kimoja," alimwambia Mjomba, "na ufa unaotembea ni kitu kingine. Kama umesimama, kibao kinatosha. Kama unatembea, maana yake chini msingi unazama, na kibao ni kazi bure. Hapo tunabomoa." Akachukua kipande chembamba cha kioo cha dirisha, akakilaza kuukatiza ufa, akashika kila ncha kwa donge la saruji. "Huyu ni shahidi. Nitarudi ufuta ukishakauka. Tukimkuta mzima, naweka kibao, nanyi mtapakia dari."

"Na akivunjika?" Bibi aliuliza.

Mjomba ndiye aliyejibu. "Kioo kikivunjika, Mama, unakuja Nachingwea. Tumekubaliana?"

Bibi alitazama kile kioo kwa muda mrefu. "Tumekubaliana," alisema.

Mtoto husikia anachosikia. Mimi nilisikia kwamba kioo kimewekwa ili kuushika ukuta, na kwamba kikivunjika, ukuta utaachia na Bibi ataondolewa. Shuleni nilikuwa nimeona mtoto aliyevunjika mkono akifungwa vijiti. Niliona ni kitu hicho hicho. Usiku nilikiombea. Mchana nilipita mbele yake kwa kunyata, na paka aliporuka karibu nacho nilimfukuza hadi shambani kwa jirani.

Bibi siku hizo alikuwa akiziba vibuyu vyake kwa nta ya yale masega ya Kilimarondo. Nilimuuliza kwa nini asitumie udongo, ambao ni mwingi na haumgharimu mtu. Alinijibu kwa Kimwera, kwa sababu mambo ya maana hakuyasema kwa Kiswahili. Alisema kibuyu hutanuka na kusinyaa; ukikiziba kwa kitu kigumu, kile kigumu kitakatika. Nta haikatai, inakwenda nacho. Nilikaa nikamtazama akiilainisha kwa dole gumba, na sikuona kama kuna lolote la kukumbuka hapo.

Kioo cha Fundi kilivunjika siku ya soko. Nilirudi kutoka kuchota maji nikakikuta kimekatika katikati, mstari mmoja mweupe. Bibi alikuwa hajarudi. Niliketi chini nikalia, halafu nikaacha kulia kwa sababu nilipata wazo. Nilipanda kwenye kinu nikaishusha picha ya Babu. Nilitoa kioo, nikakifunika kwa khanga, nikakigonga kwa jiwe, nikachagua kipande kirefu. Nilibandua kile kilichovunjika, nikabandika changu kwa udongo uliokandwa na gundi ya mkorosho, ambayo ikikauka huwa ngumu kama pembe. Nikapaka majivu ili kifanane. Vipande vilivyobaki niliviviringisha kwenye kitambaa, nikavificha kwenye gunia la pumba. Picha nikaitundika ilivyokuwa. Nilijikata kiganja.

"Umefanya nini?" Bibi aliuliza alipoona damu.

"Nimeanguka."

Aliuosha mkono wangu kwa maji ya chumvi, akatazama juu, kwenye picha ya Babu, akatazama tena mkono.

Changu kilivunjika pia. Nilibandika kingine, nacho kikadumu siku chache, kikakatika tak! tukiwa tunakula, na mimi na Bibi tukainua vichwa pamoja. Bibi akasema ni kuni. Kuni zilikuwa zimeshazimika.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwenye gunia la pumba kuchukua kipande cha tatu. Kile kirefu kuliko vyote hakikuwepo. Nilipekua pumba hadi pua ikajaa. Nilirudi ndani nikiwa nimekata tamaa, nikainua macho, na kioo kilikuwa pale pale kwenye ufa, kizima, kimetulia. Nilisimama mbele yake nimechanganyikiwa kabisa. Niliamua kwamba nyumba imejiponya. Sikuwa na maelezo mengine, na kwa jinsi nilivyokuwa nikihitaji iwe hivyo, sikutafuta.

Kile hakikuvunjika tena. Wiki zikapita. Ufuta ukakatwa, ukasimamishwa, ukakauka, ukakung'utwa. Fundi Salumu akaja na kibao chake cha mninga begani, Mjomba nyuma yake. Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa moshi. Bibi alikuwa ametia kuni mbichi, jambo ambalo alikuwa akinifokea mimi kila nilipolifanya. Fundi alisogeza uso hadi karibu na ukuta, akipepesa macho.

"Hiki ndicho changu?" aliuliza.

"Kwani hapa ameingia fundi mwingine?" Bibi akasema. "Mmakua mmoja tu ameshanimalizia mboga."

Wote wakacheka. Niliamini Bibi amegundua nilichofanya na ananificha, na nilimpenda wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda mtu yeyote.

Fundi alipanda ngazi, akainyanyua ncha ya boriti kwa nguzo, akatelezesha kibao chini yake. Alifanya kazi safi. Alinionyesha kutoka juu: mzigo ulioangukia tofali moja sasa ulikuwa umelala juu ya tofali nne. "Umeona? Hakuna kilichopungua, lakini hakuna anayeonewa." Kisha wakapandisha mahindi mapya, na baada ya mahindi magunia ya ufuta, yasubiri mnada.

Jioni ile Bibi alichukua mkeka wangu kutoka chumba cha mbele, tulikokuwa tunalala wote, akautandika chumba cha nyuma.

"Kwa nini?"

"Kuna panya."

Hatukuwa na panya. Yule paka alikuwa amewamaliza wote. Nilimwambia hivyo.

"Lala nilipokuambia," Bibi alisema, na yeye akarudi kulala mbele, chini ya dari.

Ukuta ulianguka siku ya nne, saa za kuchota maji ya mchana. Nilikuwa njiani narudi, ndoo kichwani, nikasikia mlio kama wa lori linalomwaga kokoto, kisha nikaona vumbi likipanda juu ya mikorosho. Nilikimbia bila kutua ndoo. Nilifika nimelowa mwili mzima. Ukuta wa bandani haukuwepo. Boriti ilikuwa imelala kiubavu, kibao cha mninga bado kimeng'ang'ania ncha yake, kizima, bila hata mkwaruzo. Magunia yalikuwa yamepasuka, na ufuta ulikuwa ukimwagika kutoka juu, mweupe, taratibu, bila kukoma, kama vile hautaisha.

Bibi alikuwa ameketi uani chini ya jua, mikono mapajani. Alikuwa ametoka kuanua mihogo. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akaniita, akanishika kila mahali, kichwa, mabega, magoti, kana kwamba ni mimi niliyekuwa ndani.

Watu walikuja na nyungo tukaanza kuokota ufuta kwenye kifusi. Ndipo nilipokiona. Kilikuwa juu ya bonge la udongo, kioo kizima, nta kwenye ncha zote mbili, na kwenye donge moja alama ya dole gumba. Ukuta wote ulikuwa chini, na kilichopaswa kuushika kilikuwa hakijapata hata ufa. Niliweka dole langu juu ya ile alama. Lilipotea ndani yake. Nilikificha kifuani, kisha nyuma ya picha ya Babu, na sikumwambia mtu.

Mjomba alimfuata Fundi Salumu nyumbani kwake na kumtukana mbele ya wanawe. Habari ikaenea Nkowe yote kwamba mzee haoni, kibao chake kimeangusha nyumba ya mjane. Hakupata kazi ya ukuta tena. Kabla hatujahama nilikuwa nikimwona akitengeneza miguu ya vitanda. Bibi alihamia Nachingwea, kwenye chumba cha saruji, nami nikaenda naye. Hakuzoea. Alisema mahali pasipo na moshi panamfanya ajione kama yuko hospitali. Kila asali ilipofika kutoka Kilimarondo, alijaza chupa moja na kuituma Nkowe kwa Fundi Salumu.

"Unampa asali mtu aliyekuangushia nyumba?" Mjomba alikuwa akilalamika.

"Asali ni yangu," Bibi alijibu kila mara, na hakuongeza kitu.

Nilikua nikiamini kwamba nyumba ile niliiangusha mimi. Siku moja mchana, Bibi akiwa ameshaanza kuumwa ugonjwa uliomchukua, nilimwambia.

"Bibi, kile kioo. Nilikibadilisha."

Alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. "Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Mbili," alisema. "Basi wewe huna neno."

Sikuelewa. Nilidhani homa inasema. Nilitaka kumuuliza zaidi, lakini nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimeshaacha shule, na kulikuwa na gari la watu wanaokwenda kuvuna korosho linaloondoka saa ile. Nikaondoka. Niliporudi walikuwa wameshamzika. Picha ya Babu ilikuwa mezani, imeandikwa jina langu kwa chaki.

Sasa hapa Ruangwa ninawapikia vibarua wanaojenga ghala. Kuna injinia, kijana wa kutoka Kanda ya Ziwa, mpole, anayekula ugali kwa kijiko. Jana nilimwona akibandika kioo juu ya ufa wa ukuta wa zamani wanaotaka kuuunganisha na mpya. Nilisahau maharage jikoni. Nilimuuliza maswali hadi akaniketisha, akachora tofali kwenye mchanga. Akasema mzigo ni kitu kimoja, na mkazo ni kitu kingine: unachukua mzigo, unaugawa kwa eneo lililoupokea. Nikamwambia ngata. Akasema, "Ee, ngata, dada, ndiyo hiyo hiyo!" akafurahi kama mtoto. Akasema mkazo hauko kwenye gunia wala mkononi mwa mtu, uko ndani ya kitu chenyewe, kila chembe ikisukuma jirani yake. Akasema udongo unavumilia kubanwa, lakini ukivutwa hauna nguvu, ndipo unapopasuka. Nikauliza, basi yale maumivu yanakwenda wapi? Akasema hayaendi popote, yanagawanywa tu hadi kila mmoja anaweza kuyabeba. Bado sijaelewa vizuri. Nimelala nalo, nimeamka nalo.

Leo mchana nimemletea kioo changu. Amekigeuza, akakinusa.

"Hiki kilikuwa ukutani?"

"Ndiyo. Hakikuvunjika, na ukuta ukaanguka."

"Hakiwezi kuvunjika. Hii ni nta. Ukuta ukitembea, nta inalegea, kioo kinateleza tu. Kinatakiwa kitu kigumu, ili kikatike kikuambie." Akanirudishia. "Aliyebandika hivi, dada, ama alikuwa hajui kabisa, ama alikuwa anajua sana. Ni nani?"

Nimesema sijui. Vipande vyangu viwili nilivibandika kwa kitu kigumu, na vyote viwili vilisema kweli, cha pili mbele ya masikio yetu wote wawili. Hilo sasa nalijua. Nyumba anayotaka mtu kubaki nayo kiasi hicho, mpaka alale chini yake peke yake na kumhamishia mtoto chumba cha nyuma, ni nyumba ya namna gani? Na chupa zote zile za asali ziligawanya nini, na Fundi Salumu aliona zimemtosha? Mimi pia nilitaka abaki. Nilikuwa nimevunja kioo cha Babu kwa ajili hiyo. Sijui nimlaumu kwa lipi ambalo mimi sikulijaribu kwanza.

Nimeketi nyuma ya ghala, kwenye kivuli kidogo kilichobaki, nikaweka dole gumba langu juu ya ile alama. Limeenea, upana kwa upana, mpaka pembeni. Nimekaa hivyo nikiifikiria mikono ya Bibi, hadi nikahisi nta inaanza kulegea chini ya joto la ngozi yangu, nikaliondoa haraka, nisije nikaweka alama yangu juu ya yake.